Konstantino, Nikea na 1054: nani alitengeneza Ukristo, na kanisa lilipasuka lini hasa?

Swali nililoletewa: "Shikamoo mwalimu. Kwenye grupu la familia tunabishana wiki ya pili sasa. Shemeji anasema Ukristo wa leo ulitengenezwa na Kaisari Konstantino kule Nikea mwaka 325, yeye ndo kachagua vitabu vya Biblia, kahamisha ibada kutoka Jumamosi kwenda Jumapili, na maaskofu wakapiga kura kwamba Yesu ni Mungu. Binamu yangu anasema hapana, kanisa lilikuwa moja mpaka 1054 ndo likapasuka. Tusaidie, mama mwenyewe kashalefti."

Marahaba mdogo wangu, na mama mpe pole. Hili swali nimeshazoea kuulizwa, na kila likija linakuja na video ya dakika kumi yenye muziki wa kutisha nyuma, kwa hiyo shemeji simlaumu sana. Ila amechanganya madesa. Na binamu naye amekariri tarehe bila kuuliza siku hiyo ilitokea nini.

Nianze na vitabu vya Biblia manake hapa hakuna ubishi mrefu. Mtaguso wa Nikea, yaani kikao kikuu cha maaskofu (mji uko Uturuki, leo unaitwa Iznik), uliacha kanuni 20 na zipo, unazisoma kwa nusu saa ukamaliza. Kuna inayowakataza maaskofu na mapadri kuhamahama kutoka mji mmoja kwenda mwingine, kuna inayowafukuza kazi viongozi wa kanisa wanaokopesha watu kwa riba, kuna za waumini waliomkana Kristo wakati wa mateso wapokelewe vipi, na ile ya mwisho kabisa inasema Jumapili watu wasipige magoti, wasali wamesimama. Orodha ya vitabu vya Biblia hamna, hata kwa kudokezwa. Ile stori kwamba vitabu vyote viliwekwa chini ya altare (madhabahu), wakaomba, kesho yake vya kweli vikakutwa juu na vya uongo vimebaki chini, imetoka kwenye maandiko ya Kigiriki ya karne ya 9, yaani miaka zaidi ya 500 baadaye, halafu huko Ufaransa karne ya 18 mwandishi Voltaire akaidaka akaifanyia mzaha, basi ikatembea mpaka ikafika kwenye simu ya shemeji.

Vitabu vilikubalika polepole. Kufikia mwaka 180 hivi askofu Irenei wa Lyon alishakuwa anatetea injili nne, sio tatu wala tano. Orodha ya kwanza tuliyonayo yenye vitabu vile vile 27 vya Agano Jipya bila kuzidi wala kupungua ni ya 367, ndani ya barua ya Athanasi askofu wa Aleksandria. Maaskofu wa huko walikuwa na desturi ya kuandika barua kila mwaka kutangaza tarehe ya Pasaka, na kwenye ile yake ya 39 Athanasi akaona atumie nafasi hiyo kuwaambia watu wasome nini. Baadaye mitaguso ya Hippo 393 na Karthago 397 ikapitisha orodha yake. Sasa angalia ramani: Aleksandria ni Misri, Hippo ni Algeria ya leo, Karthago ni Tunisia. Anayekwambia Biblia ilipangwa na wazungu mwonyeshe hiyo ramani kwanza halafu endelea kunywa chai yako.

Jumapili nayo. Hapa shemeji ana kipande cha kweli mkononi. Ni kweli mwaka 321 Konstantino alitoa sheria kwamba "siku tukufu ya Jua" mahakimu na watu wa mijini wapumzike, karakana zifungwe. Wakulima wakaruhusiwa kuendelea na shamba, manake msimu haumsubiri mtu. Lakini sheria hiyo ni ya kupumzika, haikuanzisha ibada. Miaka kama 170 nyuma yake Yustino, aliyekuja kuuawa kwa imani yake huko Roma, alishaandika wazi kabisa Wakristo wanafanya nini Jumapili: wanakusanyika wa mjini na wa shamba, yanasomwa maandiko ya mitume au ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, kiongozi anahubiri, wanasimama kusali, wanaletewa mkate na divai iliyochanganywa na maji, mashemasi wanawapelekea wasiofika, halafu wenye nacho wanachangia kwa ajili ya yatima na wajane na wagonjwa. Ukiitoa tu spika, hiyo ni Jumapili ya kwenu pale. Na huyo aliandika wakati Ukristo ni kosa la jinai, hakuna kaisari anayewaunga mkono.

Sasa la kura. Hapa nitakaa kidogo.

Pale Aleksandria alikuwepo padri mmoja anaitwa Ario, mtu wa maisha ya kujinyima na mhubiri anayependwa, na alijua kufikisha ujumbe kwa sababu mafundisho yake yalitiwa kwenye nyimbo, tunaambiwa za mabaharia, za wasaga nafaka, za wasafiri. Alichofundisha ni kwamba Mwana ni mkuu kuliko viumbe vyote, kupitia yeye vitu vyote viliumbwa, anastahili heshima, ila naye aliumbwa, "kulikuwa na wakati hakuwepo". Askofu wake Aleksanda akasema hapana, na vita ikaanza. Unaona swali lilivyokuwa? Hakuna upande uliosema Yesu alikuwa mtu wa kawaida tu, seremala mwenye maneno mazuri. Tangu mwaka 112 hivi gavana Plinio anamwandikia kaisari wake kwamba hawa watu wanaamka kabla ya mapambazuko kumwimbia Kristo "kama mungu". Ubishi wa Nikea ulikuwa mwembamba zaidi ya hapo na ndo maana ulikuwa mkali: ni Mungu sawasawa na Baba, au ni kiumbe wa kwanza? Wakatoka na neno la Kigiriki ambalo sisi tunalisema kanisani hata bila kufikiri, "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba". Hiyo sentensi ni Ario anajibiwa, kila Jumapili mpaka leo. (Ingawa kanuni ya imani tunayosali ni ile iliyokamilishwa Konstantinopoli 381, ya Nikea yenyewe ilikuwa fupi zaidi na iliishia na laana kwa wanaofundisha vingine.)

Kura ya kunyoosha mikono haikuwepo, kulikuwa na kusaini. Maaskofu walikuwa zaidi ya 250, mapokeo yanasema 318. Wawili tu wa Libya waligoma mpaka mwisho, wakapelekwa uhamishoni pamoja na Ario. Papa wa Roma hakwenda, alituma mapadri wawili wamwakilishe, kwa hiyo hata wazo kwamba hapo ndo "Ukatoliki ulianzishwa" linakuwa gumu kidogo, bosi mwenyewe hayupo kwenye kikao.

Kitu kinachonigusa mimi Nikea kiko pembeni ya hayo yote. Konstantino alikuwa anatimiza miaka 20 ya utawala, akawaandalia maaskofu karamu ikulu. Askofu Eusebi wa Kaisaria alikuwepo na ameandika alichokiona: walinzi wamejipanga mlangoni panga nje, na watu wa Mungu wanapita katikati yao bila woga mpaka ndani, wengine wanakaa meza moja na kaisari, na yeye Eusebi akaona ni kama picha ya ufalme wa Kristo. Sasa kumbuka karamu hiyo ni 325. Mateso makubwa ya Kaisari Dioklesiani yalianza 303, miaka 22 tu nyuma, makanisa yakabomolewa, maandiko yakachomwa moto, na ndani ya ule ukumbi tunaambiwa walikuwemo waliotobolewa macho na waliochomwa mikono kwa chuma cha moto. Zile zile panga. Zimehama upande tu. Kama unatafuta siku ambayo kitu kilibadilika, ni hapo mlangoni, wakati mtu mwenye kovu anapita mbele ya askari na askari anampisha.

Na ubishi wenyewe haukuisha! Hili ndo watu wengi hawalijui. Miaka michache tu baadaye Konstantino huyo huyo akamrudisha Ario, na mtetezi mkubwa wa Nikea, Athanasi, akafukuzwa kwenye kiti chake mara tano na makaisari tofauti. Konstantino hakuwa amebatizwa muda wote huo, alibatizwa 337 akiwa kitandani anakufa, na aliyembatiza ni askofu Eusebi wa Nikomedia (huyu ni Eusebi mwingine) ambaye alikuwa rafiki wa Ario. Sasa muulize shemeji, huyo ndo mwanzilishi gani?

Mwanae Konstansi wa pili akaegemea zaidi upande ule wa kuipinga Nikea, na hapo kuna barua moja naipenda sana. Aksum, Ethiopia ya kale, mfalme Ezana alikuwa ameshapokea Ukristo, sarafu zake za mwanzo zina mwezi mwandamo na za baadaye zina msalaba, unaona mabadiliko kwenye pesa kabisa. Askofu wake, Frumensi, ambaye Waethiopia wanamkumbuka kama Abba Selama, alikuwa amewekwa wakfu na Athanasi. Konstansi akamwandikia Ezana na ndugu yake kwamba wamrudishe Frumensi Misri haraka akahojiwe imani yake na askofu mpya aliyewekwa na serikali. Ethiopia ikabaki na Frumensi wake. Yaani ugomvi wa neno moja la Kigiriki ulikuwa umeshapanda milima ya Aksum kabla karne ya 4 haijaisha.

Aliyefunga mjadala kwa nguvu za dola ni Kaisari Teodosi, tarehe 27 Februari 380, kwa amri kwamba watu wote chini ya utawala wake wafuate imani ya Papa Damaso wa Roma na Petro wa Aleksandria, hao ndo waitwe Wakristo wakatoliki, na waliobaki "tunawahesabu wendawazimu". Hiyo ndo dini ya dola. Konstantino na mwenzake Lisini mwaka 313 walitoa uhuru kwa kila dini na kuagiza mali za kanisa zirudishwe, basi. Kama shemeji angesema Teodosi badala ya Konstantino, na 380 badala ya 325, ningempa nusu ya maksi.

Twende kwa binamu.

Kanisa moja mpaka 1054? Ndugu yangu, ukienda Nairobi leo utakuta Wakoptiki (Wakristo wa kanisa la kale la Misri) na makanisa yao, na utakuta Waorthodoksi walio chini ya Patriaki wa Kigiriki wa Aleksandria, ambao ndo wengi zaidi Kenya, Uganda na hapa Tanzania. Wote wawili kiongozi wao anaitwa Papa na Patriaki wa Aleksandria, wote wawili wanadai kiti cha Marko Mwinjili, na hawashiriki ekaristi pamoja. Kwa nini mji mmoja una mapapa wawili? Kwa sababu ya mwaka 451. Miaka 603 kabla ya tarehe ya binamu. (Na hata 451 sio ya kwanza, baada ya mtaguso wa Efeso 431 Wakristo wa Uajemi walishaanza kushika njia yao, wakaja kufika mpaka China mwaka 635, jiwe lao la kumbukumbu lipo Xi'an.)

Mtaguso wa Kalkedonia, ndo huo wa 451, ulikaa ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari kutoka Konstantinopoli, leo ni mtaa wa Istanbul unaoitwa Kadıköy, wa mashabiki wa Fenerbahçe. Swali: Kristo ni Mungu kweli na mtu kweli, hilo wote wamekubali, sasa tuseme yuko "kutoka asili mbili" au yuko "katika asili mbili"? Kwa Kigiriki ni kijineno kimoja, *ek* au *en*. Wamisri walikulia kwenye maneno ya Kirili, askofu wao mkubwa aliyefariki 444, "asili moja ya Neno wa Mungu aliyefanyika mwili", na wakisikia "katika mbili" wanaona Kristo anapasuliwa vipande. Roma na ikulu wakataka "katika". Askofu mkuu wa Aleksandria, Diosko, akavuliwa cheo.

Halafu ndo inatokea hii. Maaskofu 13 wa Misri wakaletwa mbele wasaini barua ya Papa Leo wa Roma, ile ya upande wa asili mbili. Wakaanguka chini, wakaomba wasubiri kwanza Aleksandria ipate askofu mkuu mpya, wakasema tukisaini sasa hivi tukirudi nyumbani tutauawa, tuhurumieni, ni afadhali tufie hapa. Walikuwa hawatanii. Kaisari alipofariki 457 umati wa Aleksandria ulimkamata Proteri, yule askofu aliyewekwa na serikali akilindwa na askari, wakamuua, wakauburuza mwili mitaani na kuuchoma.

Mimi nimefundisha haya mambo miaka mingi na nimefika mahali naamini kijineno kile peke yake kisingepasua kanisa. Watu wangeweza kubishana juu ya *ek* na *en* karne mbili wakaendelea kula meza moja. Kilichopasua ni askofu kuingia kanisani na askari nyuma yake. Na ushahidi wangu ni kwamba mwaka 1973, Papa Paulo VI na Papa Shenuda III wa Wakoptiki walikaa wakasaini tamko la pamoja juu ya Kristo, na maneno yakapatikana bila shida. Kinachosumbua mpaka leo ni mambo ya nani alimfanyia nini nani.

Nisiache kisa cha Nubia, Sudani ya leo, manake kinachekesha. Miaka ya 540 Kaisari Yustiniani ni mtu wa Kalkedonia, mke wake Teodora yuko upande wa pili. Ndani ya nyumba moja! Kaisari akaandaa ujumbe kwenda kuwabatiza Wanubia, mama naye akaandaa wake, akamwandikia mkuu wa mkoa wa kusini mwa Misri: ujumbe wa mume wangu ukitangulia kupita kabla ya padri wangu Yuliani, nakukata kichwa. Mkuu wa mkoa akafanya ambacho wakuu wa mikoa hufanya. Watu wa kaisari walipofika akawaambia subirini kidogo natafuta wanyama wa kubeba mizigo na waongoza njia, na Yuliani akafika, akapewa vyote, akaondoka zake, halafu wale wengine wakaambiwa aisee, watu wa malkia wamenipora wanyama kwa nguvu. Yuliani akakaa Nubia miaka miwili, na joto lilivyo kule, mwandishi wa historia Yohane wa Efeso anasema alikuwa anafundisha akiwa amekaa ndani ya maji mapangoni kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Kutoka hapo Nubia ikawa ya Kikristo kwa karne nyingi. Miaka ya 1960, kabla maji ya bwawa la Aswan hayajafunika, Wapolandi walichimba mji wa Faras wakatoa kanisa kuu lililozikwa mchangani na picha za ukutani zaidi ya mia, wafalme na maaskofu wenye ngozi nyeusi, na Mtakatifu Ana kaweka kidole mdomoni. Nyingine ziko Warsaw, nyingine Khartoum.

Haya, 1054 yenyewe. Tarehe 16 Julai Kardinali Humberto na wenzake, wajumbe wa Papa, wakaingia kanisa la Hekima Takatifu, Konstantinopoli, ibada iko tayari kuanza, wakaweka hati ya kumtenga Patriaki Mikaeli Kerulari juu ya altare wakatoka wanakung'uta mavumbi ya miguu. Patriaki naye akawatenga walioandika hati. Shida ya kwanza, Papa Leo IX aliyewatuma alishafariki Aprili, miezi mitatu nyuma. Shida ya pili, hati iliwalaumu Wagiriki kwa kuyaondoa maneno "na Mwana" kwenye kanuni ya imani, pale tunaposema Roho Mtakatifu "atokaye kwa Baba na Mwana", wakati ukweli ni kinyume, Wagiriki hawakuwahi kuwa nayo, na Roma yenyewe ilianza kuyaimba kwenye misa mwaka 1014 tu. Na hakuna aliyetenga kanisa zima, walitengana watu. Maisha yakaendelea. 1095 kaisari wa Konstantinopoli anamwomba Papa Urbano II askari wa kumsaidia dhidi ya Waturuki. Watu waliopasukana kabisa hawaombani hivyo.

Kilichovunja ni Aprili 1204. Wapiganaji wa Msalaba, jeshi la Wakristo wa Ulaya Magharibi, waliagiza meli Venice za kubeba watu 33,500 kwa marki 85,000 za fedha, wakatokea kama theluthi ya watu, deni likawanasa. Venice wakawatumia kwanza kuuteka Zara, mji wa Wakatoliki wenzao, Papa Inosenti III akawatenga. Halafu mwana wa mfalme wa Konstantinopoli aliyepinduliwa akawakimbilia, akawaahidi marki 200,000 wakimrudisha babake madarakani, wakaenda, hela haikutimia, yeye mwenyewe akanyongwa na watu wake, na mwisho tarehe 12 na 13 wakaruka kuta wakapora mji siku tatu. Niketa Koniate, afisa wa serikali aliyekimbia na familia yake, ameandika kwamba nyumbu waliingizwa ndani kabisa ya kanisa la Hekima Takatifu kubeba fedha na dhahabu, wakawa wanateleza kwenye sakafu ya marumaru, wanachomwa, damu inatapakaa, na mwanamke kahaba kakaa kwenye kiti cha patriaki anaimba. Inosenti mwenyewe aliposikia undani wake akaandika kwamba sasa Wagiriki watatuchukia kuliko mbwa, na wana haki. Lakini patriaki mpya Mlatini (wa upande wa Roma) kutoka Venice akakubaliwa, akakaa kwenye kile kiti. Hapo ndo kila muumini wa mtaani Konstantinopoli alijua kuna kanisa lao na kanisa letu.

Zile hati za 1054 zilifutwa 7 Desemba 1965 na Papa Paulo VI pamoja na Patriaki Athenagora, mchana mmoja tu zikaisha. Vya 1204 ni vigumu zaidi kufuta. Mwambie binamu akija kufika Venice aingie kanisa la Mtakatifu Marko, apande ghorofani. Farasi wanne wa shaba walioko nje juu ya mlango ni nakala, wale wa Konstantinopoli wako ndani.